Kabla ya Kuagiza Propela ya Gari la Kujiundia: Mambo ya Kuzingatia

Propela shafti, yaani bomba linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu (sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma), inapaswa kuwa kifaa cha mwisho kuagizwa kati ya injini na magurudumu ya nyuma, lakini wajenzi wengi hukimbilia kuiagiza mapema. Injini imeshaingia, difu imeshafungwa, na pengo lililobaki katikati linaonekana kama kazi ya futi kamba na dakika tano. Tatizo ni kwamba unapima umbali kati ya vitu viwili ambavyo pengine bado vinahama. Badilisha raba ya gia boksi, punguza urefu wa springi, sogeza difu kidogo ili boliti ziingie, na kile kipimo ulichomwandikia fundi hakina maana tena.

Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba ncha zote mbili zimefika mahali zitakapokaa siku zote. Injini na gia boksi ziwe juu ya raba zake halisi, zimekazwa, si juu ya vipande vya mbao wala jeki. Raba mpya hulalia kidogo zikishabeba uzito, basi zipe muda kabla ya kupima. Gari lisimame kwa magurudumu yake yenyewe, kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na betri, viti, mafuta na kitu cha kushika nafasi ya dereva, mifuko ya mchanga inatosha. Usilidharau hilo la dereva. Kwenye gari la kilo 600, mtu wa kilo 80 ni zaidi ya asilimia 13 ya uzito wa gari, na gari hushuka kwa kiasi ambacho gari zito la saluni lisingeshuka.

Jambo la pili ni kujua difu yako inasogea au haisogei. Kama imefungwa kwenye chesisi na magurudumu yana shafti zake za pembeni, propela yako haina kazi kubwa ya kurefuka na kufupika. Kinachocheza ni injini tu juu ya raba zake. Kama ni ekseli nzima yenye difu katikati, kila gurudumu linapopanda na kushuka difu nayo huchora upinde, na umbali hubadilika. Hapo kipimo kimoja hakitoshi. Toa springi, inua ekseli kwa jeki mpaka igote juu, pima. Iache ining'inie mpaka mwisho wa shokapu, pima tena. Propela inatakiwa iishi katikati ya vipimo hivyo viwili bila kugonga sili ya gia boksi upande mmoja wala kuchomoka kwenye spilaini (meno marefu yanayoingiana na kuruhusu kuteleza) upande wa pili.

Kwa gia boksi inayotumia yoki ya kuteleza, yaani kichwa chenye mikono miwili ya kushika krosi kinachoingia kwenye spilaini ya gia boksi, desturi ya mafundi ni kuisukuma yoki mpaka igote ndani, kisha kuirudisha nje milimita 20 hadi 25, na hapo ndipo inapohesabiwa kuwa iko kwenye nafasi yake gari likiwa limesimama. Kama gia boksi na difu zote zina flanji (sahani za kufungia boliti) zisizosogea, basi spilaini ya kuteleza lazima iwe kwenye propela yenyewe. Taja hilo mapema, kwa sababu bei yake ni tofauti na kipande hicho kinachukua urefu.

Katika kupima, futi kamba huyumba na kulegea. Mimi napendelea vipande viwili vya bomba vinavyoingiana, vyenye skrubu ya kubania: vute mpaka viguse flanji zote mbili, kaza skrubu, toa nje, pima juu ya meza kwa utulivu. Kipande hicho kilichobanwa unaweza hata kukibeba mpaka karakana. Pima tena siku nyingine bila kutazama jibu la kwanza. Na kwenye mchoro onyesha wazi umepima wapi mpaka wapi, maana kuna njia mbili zinazotumika: uso wa flanji hadi uso wa flanji, au katikati ya krosi moja (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu propela kupinda) hadi katikati ya nyingine. Tofauti yake ni sentimita kadhaa, na fundi akisoma namba yako kwa njia yake mwenyewe, propela itakuja nzuri, imepakwa rangi, na haiingii.

Urefu ndio watu wanaouliza sana, ila kwangu pembe ndizo zinazoharibu magari mengi zaidi. Krosi inapozunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja: huharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 3 tofauti hiyo ni ndogo mno, kama asilimia 0.14 juu na chini. Kwa nyuzi 10 inafika asilimia 1.5, na hiyo utaisikia kwenye kiti. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kosa la ya kwanza, lakini kwa masharti: pembe za mbele na nyuma ziwe sawa, na yoki mbili za kwenye bomba zitazamane mstari mmoja. Ndiyo maana mstari wa gia boksi na mstari wa pinioni ya difu (shafti fupi inayotokeza kwenye pua ya difu) vinatakiwa viende sambamba. Gia boksi ikiinama nyuzi 3 kuelekea nyuma, pua ya difu iinuke nyuzi 3. Wengi hujaribu kufanya kila mstari uelekee moja kwa moja kwenye mwenzake kwa sababu machoni inapendeza. Matokeo ni mtetemo usioisha hata ukibadilisha propela mara ngapi.

Pima kwa kipima pembe kilichowekwa kwenye uso wa flanji wenyewe. Kifuniko cha gia boksi si mahali pa kuaminika, maana hakuna anayekuhakikishia kwamba kinaenda sawa na shafti ya ndani. Usitafute pembe ya sifuri pia: sindano ndogo zilizo ndani ya vikombe vya krosi zinahitaji kucheza, la sivyo zinakaa sehemu moja na kuchimba. Nusu nyuzi hadi nyuzi 3 kwa kila krosi ni mahali pazuri. Kisha angalia kutokea juu. Magari haya madogo mara nyingi injini yake imesogezwa pembeni ili kupisha miguu ya dereva au ekso, na pembe ya pembeni inaungana na ile ya wima: nyuzi 3 za wima na 4 za pembeni zinazaa takriban 5 halisi. Kwa propela fupi, jambo hili ndilo linalokula krosi. Kwenye ekseli nzima kumbuka pia kwamba ukikanyaga mafuta pua ya difu huinuka, kwa hiyo iache chini kidogo ya ule mstari sambamba, nyuzi 1 au 2, gari likiwa limesimama.

Kwa propela ndefu hofu ni nyingine. Kila bomba linalozunguka lina mwendo ambao likiufikia huanza kupinda katikati na kuchapa kama kamba ya kuruka ya watoto. Kwa hesabu ya bomba la chuma lenye ukuta wa milimita 2 na urefu wa mita 1.2, mwendo huo ni karibu mizunguko 5,800 kwa dakika likiwa na kipenyo cha milimita 51, na karibu 8,700 likiwa na milimita 76. Ukuta mnene hausaidii sana. Kinachosaidia ni kipenyo na ufupi, na urefu ukiongezeka maradufu mwendo huo hushuka hadi robo. Usipange kufika karibu yake. Robo tatu iwe mwisho wako. Sasa linganisha na barabara: tairi lenye mzingo wa mita 1.9 na difu yenye uwiano wa 3.92, kwa kilomita 120 kwa saa, vinaizungusha propela karibu mara 4,100 kwa dakika. Lile bomba la milimita 51 limeshakaribia mpaka. Ukipita mita moja na nusu, fikiria vipande viwili vyenye beringi ya katikati.

Wenye kutaka kuokoa pesa hufupisha propela ya gari walilotoa injini. Inawezekana, ila itazame kwanza. Baadhi zina bomba ndani ya bomba na raba katikati ya kumeza mtetemo, hizo hazikatiki. Nyingine krosi zake zimegongewa humo humo kiwandani bila klipu, kwa hiyo zikichoka huzibadilishi kwa njia ya kawaida. Na kazi ya kukata na kuchomelea iwe ya karakana yenye mashine ya kukereza na mashine ya kubalansi. Kwa grainda nyumbani, yoki ikihama nyuzi chache tu, ule mstari niliousema umepotea.

Ukienda kuagiza, nenda na vitu badala ya maelezo. Yoki ya gia boksi yenyewe, au idadi ya meno ya spilaini na kipenyo cha nje pale inapopita sili. Kwa flanji: idadi ya boliti, unene wake, kipenyo cha mduara wa matundu, na kipenyo cha ule mdomo ulioinuka katikati, maana ndio unaoweka propela sawa, boliti kazi yake ni kubana tu. Sema nguvu ya injini ya kuzungusha na uwiano wa gia ya kwanza: injini ya Nm 200 ikipitia gia ya 3.65 inaipa propela Nm 730, bado hujaachia klachi kwa fujo. Uliza propela itabalansiwa ikiwa na yoki yake ya kuteleza. Ikishabalansiwa hivyo, weka alama za rangi ili isirudishwe kinyume.

Nyumbani, kabla haijafika, pitisha bomba la kipenyo kilekile ndani ya handaki la sakafu ya gari ambamo propela itapita. Kuna nyaya za breki ya mkono, paipu ya mafuta, nyaya za umeme, na ekso ambayo ikipata moto hurefuka. Milimita 20 kila upande ni kiasi cha chini ninachokubali. Hakikisha propela inaweza kuingia bila kung'oa injini: yoki lazima isogee mbele kiasi cha kuuvuka mdomo wa flanji ya difu. Funga pia bangili ya chuma karibu na krosi ya mbele. Ikivunjika, ncha ya propela isichimbe lami wala kuchapa miguu ya abiria. Kama krosi zina nipo (vichwa vidogo vya kuingizia grisi), toboa tundu la kuzifikia sasa, kabla zulia halijagundishwa.

Nunua boliti mpya za daraja linalotakiwa, na weka chombo chini ya gia boksi kabla ya kuchomoa yoki, kwa sababu oili itafuata.