Umeanza gitaa juzi? Nenda kapige na wenzako

Ukisikia kuna watu wanakutana kupiga muziki pamoja, nenda, usingoje mpaka uwe fundi. Kushika mwendo pamoja na wengine hakujifunzwi ukiwa peke yako chumbani.

Tyuni gitaa kabla hujakaa. Wimbo ukitajwa, uliza ufunguo, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, kisha kaa mahali unapoona vizuri vidole vya mpiga gitaa mzoefu. Nyimbo nyingi zinazopigwa kwenye mikusanyiko hii huzunguka kodi tatu tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja): kwenye ufunguo wa G ni G, C na D, kwenye A ni A, D na E. Hata bluzi ya kawaida, ile ya baa 12 (vipimo 12 vya mapigo kwa kila mzunguko), hutumia tatu hizo hizo, kwa hiyo sikiliza mzunguko wa kwanza ndipo uingie.

Kodi ikikushinda, iache ipite. Laza vidole vya mkono unaoshika kodi juu ya nyuzi ili zisilie, mkono mwingine uendelee kuchapa mapigo, halafu ingia tena ikifika kodi unayoijua. Noti mbaya hupita. Kinachokutoa kwenye wimbo ni kusimama kutafuta pa kuweka kidole. Na piga kwa sauti ya chini, kiasi cha kumsikia anayeimba. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko wepesi wa vidole.

Zamu ya solo, ya kupiga wewe mbele wengine wakikusindikiza, ikikufikia hujawa tayari, tikisa kichwa tu, mwenzako ataipokea. Kabla hujaondoka, uliza nyimbo mbili tatu wanazozirudia mara kwa mara, ukazifanyie mazoezi.