Kuungama baada ya kukaa miaka mingi bila maungamo
Kwanza, usingoje foleni ya Juma Kuu. Mwombe padre muda wa peke yako siku ya kawaida. Aliyekaa miaka mingi anahitaji kusikilizwa bila haraka.

Siku moja kabla, soma Luka 15:11–24. Mwana mpotevu aliyapanga maneno yake hukohuko alikolisha nguruwe, na alipofika, baba hakumwacha hata ayamalize. Nawe yapange yako. Keti nusu saa mahali patulivu, mwombe Roho Mtakatifu, upitie Amri Kumi moja moja ukikumbuka vipindi vya maisha: shuleni, kazini, kwenye ndoa. Ukiandika kikaratasi, kichome baadaye.

Dhambi za mauti, yaani zile nzito ulizotenda kwa kujua na kwa hiari, hutajwa kwa aina na idadi. Usiseme "nimepungukiwa upendo" ilhali ulimpiga mkeo. Sema: "Nilimpiga mke wangu, kama mara tatu." Idadi ikikupotea, kadiria kwa ukweli: "karibu kila mwezi kwa miaka miwili." Wengi huharibu hapa kwa kuungama dhambi za wenzao, mama mkwe alivyoanza na jirani alivyochokoza. Hayo yaache, na majina ya watu usiyataje.

Huna machozi? Majuto ni kuichukia dhambi na kukusudia kuiacha, basi. Hata majuto yasiyo kamili, ya kuogopa adhabu ya Mungu, yanatosha kwa sakramenti hii. Kisichofaa ni kuungama huku umeshapanga kurudia Jumamosi. Kama mnaishi pamoja bila ndoa, mweleze padre mwanzoni kabisa, akuongoze.

Ukifika, piga ishara ya msalaba: "Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Sijaungama kwa miaka tisa." Ile dhambi inayokukaba koo itaje ya kwanza. Ukiificha kwa makusudi, maungamo yote ni batili, pamoja na yale uliyoyataja. Uliyoisahau kweli imesamehewa. Utaitaja safari ijayo. Usiogope kusema: siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, ndivyo inavyoamuru Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa.

Hukusikia malipizi, yaani sala au tendo analokupa padre kulipia dhambi? Uliza. Kisha sali sala ya kutubu, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyoyakosa…", upokee ondoleo la dhambi.

Malipizi ya sala yatimize kabla hujatoka kanisani. Ulichoiba kirudishe, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Mwenyewe akiwa amefariki, wape warithi wake.