Mambo ya kuzingatia kabla ya kumuaga mbwa wa kuwinda aliyezeeka

Mbwa aliyekesha miaka mingi akifukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mashamba ya mahindi ya Mufindi, Rungwe au Makete, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mara nyingi hafi ghafla. Hupungua kidogo kidogo, na kwa kuwa mbwa kwa asili huficha maumivu, familia huja kushtuka akiwa ameteseka wiki kadhaa. Ndiyo maana jambo la kutangulia yote ni kuamua mapema siku ya kumuaga, yaani daktari wa mifugo kumchoma dawa ili afe bila maumivu, wakati siku zake njema bado zinazidi zile mbaya. Ninaamini kwa dhati kwamba ni heri kumuaga siku chache kabla ya wakati kuliko siku chache baada yake, kwa sababu anayeumia tunapochelewa ni yeye, si sisi.

Kabla ya uamuzi huo, mpelekeni akapimwe. Mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema kuliko wadogo, lakini uzee peke yake si ugonjwa. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda zetu hukaza viungo vya mbwa mzee hata akashindwa kunyanyuka asubuhi, ilhali dawa sahihi, gunia kavu la kulalia na chumba kisichopitisha upepo vinaweza kumpa miezi mingine ya raha. Msimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Baada ya hapo andikeni kwenye kalenda ya ukutani, kila jioni, kama amekula, kama amesimama mwenyewe kwenda kukojoa, na kama ameinua kichwa aliposikia sauti ya mtu wake. Siku mbaya zinapofuatana, kalenda itasema ukweli ambao mapenzi huuficha.

Suala la daktari wa mifugo linahitaji maandalizi kuliko mengine yote. Njia ya upole ni kumchoma kwanza sindano ya kumtuliza, kisha kumpa kwenye mshipa, kwa kawaida wa mguu wa mbele, kiwango kikubwa cha dawa ya usingizi iitwayo pentobabitoni, ambayo humpotezea fahamu kabla ya kusimamisha pumzi na moyo. Dawa hii haipatikani katika kila duka la pembejeo, na ofisa mifugo wa kata anaweza kulazimika kuiagiza kutoka Mbeya au Iringa mjini, kwa hiyo ulizeni mapema kama anayo, kama atakuja nyumbani, na malipo yake pamoja na nauli ya bodaboda ni kiasi gani. Kumwekea mbwa sumu ya kuogeshea ng'ombe kwenye nyama, kumnyonga kwa kamba au kwenda kumtelekeza msituni ni ukatili ambao hakuna ufukara unaouhalalisha, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya kuwakinga wanyama na mateso ya namna hiyo.

Tahadhari moja haina mjadala. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeuma ovyo, asishikwe wala kukumbatiwa na mtu yeyote, bali ofisa mifugo aitwe mara moja kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kupata chanjo.

Kaburi lichimbwe siku moja kabla, si mbele ya mbwa, wala si baada ya tukio wakati watu wamechoka kwa huzuni. Kina cha mita moja na zaidi kinahitajika, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na mbwa wengine au fisi wakifukua na kula wanaweza kufa. Kwenye miteremko ya Rungwe, ambako mvua hukokota udongo, chagueni mahali tambarare, mbali na kisima, chemchemi na mto. Umbali wa mita 60 uliotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuhusu kingo za mito ni kipimo kizuri cha kufuata hapa pia.

Watoto waelezwe waziwazi kwamba atakufa. Wakiambiwa amelala tu, watakaa wakisubiri aamke. Anayetaka kuwepo aambiwe pia kwamba macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na misuli inaweza kushtuka baada ya uhai kuondoka, wala hayo si maumivu. Siku yenyewe apewe kidogo kile anachokipenda, alazwe kwenye gunia lake, na mtu aliyekuwa akiingia naye porini akae upande wa kichwa, mkono mmoja chini ya taya na mwingine ukipapasa masikio yale marefu, akimwita kwa jina lake mpaka daktari asikilize moyo na kuthibitisha kwamba umesimama. Kama kuna mbwa mwenzake, aachwe anuse mwili kabla ya kufukiwa, na kwa usiku kadhaa asifungwe peke yake.