Mwanafunzi wa fildi kwenye usalama wa mtandao asiishie kutoa fotokopi

Fildi yangu niliifanya kwenye ofisi moja ya Dar es Salaam, wiki nane. Nilitoa fotokopi, nikapeleka barua ghorofa ya tatu, na chumba cha seva nilikichungulia mara moja tu, siku fundi wa kiyoyozi alipoacha mlango wazi. Leo nasimamia usalama wa mifumo kwenye taasisi ndogo ya fedha, na kila Julai napokea wanafunzi wawili. Kitengo chetu cha TEHAMA kina watu wanne. Kama chako ni kidogo hivyo, bado unaweza.

Pambana kwanza na vimemo. Ukizubaa, nafasi zinajazwa na watoto wa wakubwa kabla Mei haijaisha. Mimi niliwaomba wenzetu wa utumishi waniletee barua zote, na kila mwombaji anapata zoezi moja la kalamu na karatasi: ule ujumbe ambao nani hajaupata, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Swali langu: ujumbe huu unamvizia nani? Nusu ukurasa. GPA siulizi. Mwaka jana wengi wa shahada walinieleza maana ya utapeli. Binti mmoja wa stashahada kutoka Songea, asiye na kompyuta, aliandika kwamba ujumbe hautaji kiasi wala sababu kwa makusudi, maana unamtafuta mtu ambaye tayari alikuwa mbioni kumtumia mwenzake hela. Nilimchukua siku hiyohiyo.

Halafu omba nauli. Wa mbali hawaangushwi na ujuzi, wanaangushwa na daladala mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na sahani ya wali mchana. Mara ya kwanza nilikataliwa. Mara ya pili nilikwenda na hesabu kamili ya wiki nane kwenye karatasi moja, ikapita.

Siku ya kwanza usitoe nywila, toa karatasi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na mwanafunzi mwenye shauku haoni mpaka ulipo. Mwandikie mifumo anayoruhusiwa kuigusa, kwa majina, msaini wote wawili. Taarifa za wateja asizione kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023, na kisingizio cha "alikuwa wa fildi" hakitakuokoa. Tengeneza wateja wa kubuni. Watoto wenyewe wanapenda kuwapa majina.

Vifaa viko stoo. Tulifufua kompyuta mbili za mezani zenye RAM ya GB 8, tukaweka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta halisi, ndani yake Kali Linux, mfumo wenye zana za kupima usalama, na Windows moja ya kushambuliwa, kwenye swichi isiyogusa mtandao wa ofisi. Wavunje watakavyo.

Ila kazi yenyewe haiko kwenye kuvunja, na hapa ndipo wasimamizi wengi wanapokosea. Kazi ni kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo mfumo hujiandikia wenyewe. Kila asubuhi nawapa nakala ya logi za moja ya seva zetu za Windows, wanatafuta tukio namba 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akashindwa. Nani, saa ngapi, kutoka mashine ipi? Wiki ya tatu yule binti aliniita: kuna akaunti inashindwa kila usiku saa nane, dakika ileile. Sisi wanne tulikuwa tunaipita. Haikuwa mwizi. Ilikuwa programu ya kuhifadhi nakala za akiba za data zetu (backup), nywila yake ilibadilishwa na hakuna aliyeiambia. Kwa hiyo nakala zetu zilikuwa hazihifadhiwi! Nilikaa kimya dakika nzima.

Siku ya mwisho funga akaunti zao wakiwa wamekaa pembeni yako, ili wajue na hilo ni sehemu ya kazi. Kisha andika barua ya utambulisho. Usiandike "ana tabia njema na anajituma". Mwajiri ameshaisoma mara mia. Mimi niliandika: "Amesoma logi za seva tatu kwa wiki sita, na amegundua kwamba nakala zetu za usiku zilikuwa zimesimama."