Somo: kutumia "agree" (kukubali) bila kuibebesha Kifaransa

Wengi wetu hapa Goma tumeingia kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa cha shule, ndiyo maana "I am agree" inasikika kila siku. Chanzo chake ni "je suis d'accord" (nakubali), ambapo "suis" ni "am".

Hatua ya 1: ondoa "am". "Agree" ni kitenzi kamili, kinajitosha. Sema "I agree", "I don't agree", na kwa yaliyopita "I agreed". Hata "I am agreeing" iache unapotoa maoni yako.

Hatua ya 2: chagua kineno kinachofuata. Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa hiyo twende polepole. Mama anauza maharagwe soko la Virunga, mteja ametoka Gisenyi. Mama anataka dola 25 kwa mfuko, mteja anaomba apunguziwe. Mama akiridhia ombi hilo: "She agreed to his request". Wakifika pamoja kwenye dola 22: "They agreed on 22 dollars". Jirani akisema maharagwe yamepanda, na mteja anaona vilevile: "I agree with you". Kiswahili chenyewe kinakusaidia: palipo na kukubali, mara nyingi ni "to", palipo na kukubaliana juu ya jambo, ni "on", mtu au wazo lake, ni "with".

Kikifuata kitendo, ni "to" tena: "She agreed to wait".

Neno hili, kwa kweli, Waingereza walilichukua kwenye Kifaransa cha zamani. Ni ndugu wa "Veuillez agréer" (tafadhali pokea) tunayofungia barua za kuomba kazi.

Maswali

Kutoka Himbi: Mwalimu, kwenye interview niseme "I disagree"?
Ni sahihi, dada, ila ni kali mbele ya mkubwa. Jaribu "I see your point, but I don't quite agree".

Kutoka Katindo: "This food doesn't agree with me" ni nini? Chakula kinabishana?
Maana yake kinamsumbua tumbo. Si lazima kiwe kibovu. Mwingine anakila salama.

Kutoka Majengo: Nimeona mkataba umeandikwa "agree a price", bila "on". Ni kosa?
Hapana, kaka. Uingereza wanaandika hivyo, hasa kwenye biashara. Marekani wanaweka "on", na ukiiweka wewe, pande zote mbili watakuelewa.