SOMO: Kuagiza spea melini na kurudisha kile kibovu (kwa mliopangiwa LS)

Wakuu, naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Vijana wetu wengi walioingia Jeshi la Majini la Marekani wanapangiwa LS, yaani watu wa stoo na barua katika idara ya ugavi, na swali lao ni lile lile: fundi akija na kifaa kibovu, nafanyaje? Mshahara na uhamisho sizungumzii hapa.

1. Pokea ombi kwa maandishi. La mdomo usilishughulikie.

2. Hakiki namba ya bidhaa. Ina tarakimu 13: nne za kwanza ni kundi, mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili (00 na 01 Marekani, 99 Uingereza), saba za mwisho ni za kifaa chenyewe. Isome kwenye kifaa, usitegemee kichwa cha fundi.

3. Angalia stoo. Kikiwepo, toa, chukua sahihi, punguza kwenye mfumo papo hapo.

4. Hakipo? Tengeneza namba ya hati ya oda: alama sita za meli yenu (huanza na R kwa meli za Pasifiki, V za Atlantiki), nne za tarehe, nne za mfululizo. Tarehe ni tarakimu ya mwisho ya mwaka pamoja na siku ya mwaka. 12 Machi 2025 ni 5071.

5. Weka kipaumbele, 01 hadi 15.

6. Hapa tulia. Spea nyingi za gharama, kama pampu na kadi za rada, hazitupwi; zinarudi karakana kuu zikatengenezwe, kwa hiyo zina bei mbili. Ukiahidi kurudisha kibovu, meli inakatwa bei ndogo. Kisipoonekana, inakatwa na tofauti yote, na inaweza kuwa maelfu ya dola kwa kitu kinachoenea kiganjani. Ahadi unaitoa kwa msimbo wa kwenye oda. 5G: kibovu kimeshatoka, kinarudishwa. 5S: kibovu kinabaki kwenye mashine mpaka kipya kifike. USINAKILI msimbo wa oda ya jana. Kibovu kirudi kwa namba ILE ILE ya hati uliyoagizia. Ukikipa mpya, mfumo unaona vitu viwili visivyohusiana na deni linabaki wazi. Kwenye fomu ya 1348, ile ya kurudishia, hali yake ni F, yaani kibovu kinachotengenezeka. Ukiandika A umesema ni kizima. Kifunge kwenye boksi la kile kipya, kisivunjike njiani. Na karatasi ya kukisafirisha, yenye sahihi ya aliyekipokea, itunze. Nimeona meli ikidaiwa miezi baadaye kwa kifaa ambacho kila mtu aliapa kilishushwa gatini. Karatasi haikupatikana, hela ikaenda.

7. Kipya kikifika, linganisha namba na idadi kabla ya kusaini.

MASWALI

Mtarajiwa: Kaka, kwa hiyo kibovu natupa au?

Jibu: Hatua ya 6. Isome yote.

Binti Tanga: Shikamoo kaka. Kwa nini tusiandike 01 kila mara, mzigo uje haraka?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Kipaumbele kinatoka kwenye mambo mawili. La kwanza ni daraja la meli yenyewe, I hadi V, ambalo wewe huligusi. La pili ni uharaka: A, meli haiwezi kufanya kazi yake, B, inafanya kwa kuchechemea, C, mahitaji ya kawaida. Meli ya daraja la II inapata 02, 05 au 12. Ya III inapata 03, 06 au 13. Kwa hiyo 01 huenda hata si ya meli yenu. Na ukiita kila kitu A, unasukuma nyuma meli ambayo kweli imekwama.

Mtu wa Injini: Huu si ukarani tu? Sisi ndio tunaoendesha meli.

Jibu: Mnaiendesha kwa spea zilizopitia mezani kwetu. Pampu ikifa katikati ya bahari, ukarani huo ndio unaoamua kama mtasubiri siku au wiki. Sitakubali udharauliwe.

Mpishi wa Meli: Ongezea kuhusu kupokea mizigo baharini, vijana wanateseka.

Jibu: Kweli. Meli mbili zinakwenda sambamba, zimeachana makumi machache ya mita, na mizigo inavuka kwa kamba ya chuma, au helikopta inaileta. Wabebaji wanatoka idara zote na hawajui stoo zenu. Andikeni namba ya stoo kwenye kila boksi kwa kalamu nene, pande mbili. Simamisha mtu wako kwenye kila ngazi.

Mpishi wa Meli: Na vya barafu vishuke kwanza. Kisha vya zamani vivutwe mbele, vipya nyuma.

Binti Tanga: Hiyo siku ya mwaka mnaihesabu kwa kichwa?

Jibu: Hapana, tunabandika kalenda yenye namba za siku juu ya meza. Mwaka mrefu una yake: baada ya 29 Februari kila namba inasogea moja, kwa hiyo usitumie ya mwaka jana.