Lini ununue boti, lini uuze

Mtu akiniuliza kama bei ya boti fulani ni nzuri, mimi humuuliza mwenye boti amelipia maegesho hadi mwezi gani. Kazi ya udalali imenionyesha kuwa bei hushushwa zaidi na mzigo wa kuitunza boti kuliko na umri wake. Boti ikikaa bure bado inadai: maegesho, bima, betri, rangi ya chini inayozuia mwani, na riba kama ilinunuliwa kwa mkopo. Mzigo huo unapomwelemea muuzaji, ndipo mnunuzi anapopata nafasi.

Tuanze na majira. Kwenye nchi za baridi, wanunuzi hujitokeza mwezi wa tatu na wa nne, kila mmoja akitaka kuwa majini kabla ya joto. Miezi hiyo usitegemee kupunguziwa sana. Septemba ikiingia, mwenye boti anaanza kufikiria gharama ya kuipandisha nchi kavu, kuifunika na kuihifadhi miezi kadhaa, na hapo mazungumzo hulegea. Kusini mwa ikweta kalenda hiyo hupinduka. Kwenye joto la mwaka mzima, tazama miezi ya dhoruba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki, kwa mfano, huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na makampuni mengi ya bima husimamisha kuandika bima mpya dhoruba ikishapewa jina na kukaribia. Ukinunua wakati huo, hakikisha bima ipo kabla fedha hazijatoka.

Wewe unayeuza, piga hesabu kabla ya kukataa ofa ya Septemba. Wengi hukadiria matunzo ya mwaka kuwa asilimia 10 ya thamani ya boti. Tuseme unataka 60,000, sarafu yoyote ile. Matunzo ni 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi. Mtu akikupa 57,000 Septemba ukamkatalia, kisha ukapata 60,000 zako Aprili, miezi saba imekula 3,500. Umebakiwa na 56,500, tena kama mnunuzi wa Aprili ametokea kweli. Nimewaona wenye boti wengi wakiulinda msimamo wao wa bei huku fedha ikivuja mwezi kwa mwezi, na huniuma kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika mbili.

Kununua wakati wa baridi kuna ugumu wake. Injini imeshatiwa dawa ya kuzuia maji kuganda, kwa hiyo huwezi kuijaribu majini. Andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya fedha itashikwa na mtu wa tatu hadi jaribio la majini lifanyike joto likirudi. Kama boti ni ya faibaglasi, mpeleke mkaguzi wako mwenyewe siku ileile inapopandishwa. Malengelenge, yaani vivimbe vya faibaglasi kwenye sehemu inayokaa chini ya maji, huonekana vizuri siku hiyo. Boti ikikauka miezi kadhaa yanaweza kunywea, nawe ukadhani chini ni salama. Mkuku (uti wa chini wa boti) na rafadha (panga linaloisukuma) navyo utaviona wazi bila kumlipa mzamiaji.

Upande wa uchumi, riba ndiyo naitazama kwanza. Mkopo wa 100,000 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5 unalipwa kama 791 kwa mwezi. Kwa asilimia 8 ni kama 956. Boti ni ileile, lakini wapo wanunuzi wanaoshindwa hapo. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Ile pupa ya kununua boti iliyoanza 2020 wakati wa janga la korona ikapoa. Wauza boti mpya nao huzijaza dukani kwa fedha za mikopo, kwa hiyo boti ya mwaka uliopita ikiwa bado ipo dukani, omba punguzo bila aibu.

Kodi na thamani ya sarafu navyo huvuruga mambo. Mwaka 1991 Marekani ilianza kutoza asilimia 10 ya ziada kwa sehemu ya bei ya boti mpya inayozidi dola 100,000. Mauzo yakaanguka, mafundi wakapoteza kazi, na kodi ikafutwa 1993. Pauni ilipoporomoka baada ya kura ya Juni 2016 ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, boti zilizoko Uingereza zikawa nafuu kwa mwenye dola au yuro.

Uchumi ukianguka kama 2008, bei hushuka kweli, lakini hapo ndipo namsihi mnunuzi atulie. Mtu anayeishiwa fedha huacha matengenezo ya injini miezi mingi kabla ya kuamua kuuza. Dai risiti za miaka miwili ya mwisho, nusa ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) kama ina dizeli, na uliza kwa maandishi kama boti ina deni, kwani mahali pengi deni huifuata boti hata ikibadili mikono. Risiti zikikosekana, pata bei ya fundi ya kufanya huduma yote iliyorukwa, uitoe kwenye ofa yako, na mwonyeshe muuzaji karatasi hiyo.